Fundi Hahitaji Picha Yako ya Pinterest

Wacha niseme mapema ili wenye watakasirika waanze sasa. Nusu ya zile keja mnatuonyesha TikTok mkisema ni za "mid-century" ni makochi ya kawaida ya Thika Road yaliyowekewa miguu myembamba. Ni hayo tu. Sponji ni ile ile, fremu ni ile ile ya mbao ambayo haijakauka, velveti ni ile ile ya kijani. Fundi ameinamisha miguu kidogo, akapaka ncha rangi ya dhahabu, bei ikapanda elfu nne.

Sina shida na nyinyi kuipenda hiyo staili. Mimi naipenda vibaya sana. Simu yangu ina picha nyingi za viti kuliko za watu, na mamangu ashaniuliza kama niko sawa. Shida yangu ni kwamba tulichukua kitu cha maana kabisa kilichofanywa na watu wa Denmark miaka ya 1940 na 1950, tukakitazama chote, halafu tukabeba miguu. Ile sehemu ingemsaidia msee anaishi bedsita ya Kiganjo, hiyo ndiyo tuliacha.

Na kwa wageni wa hii peji: nasema Kiganjo ya Thika. Ile ya Nyeri ni ya polisi, msianze tena kuniuliza naajiriwa lini.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Ukiona kiti cha mbao chenye mgongo wenye umbo la herufi Y na mahali pa kukalia pamesukwa kwa kamba, hicho ni Wishbone. Kilichorwa na Hans Wegner mwaka wa 1949, kikaanza kutengenezwa 1950, na hadi leo hawajaacha kukitengeneza. Kiti kimoja kinakula karibu mita 120 za kamba ya karatasi. Kile kiti kikubwa chenye umbo la yai, kile Airbnb za Thika Road huweka kwenye kona na hakuna mtu hukikalia, ni Egg cha Arne Jacobsen. Alikichora 1958 kwa ajili ya hoteli moja tu, SAS Royal pale Copenhagen. Taa ya sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine inayoning'inia juu ya meza ni PH5 ya Poul Henningsen, nayo ni ya 1958. Na mwaka wa 1960, Kennedy na Nixon walipofanya mdahalo wao wa kwanza kwenye televisheni ya Marekani, walikuwa wamekalia viti vya Wegner. Vitu vya umri wa babu zenu, na bado ukiviweka kwenye video ya leo vinaonekana vimetoka jana.

Kuna wale watataja Karen Blixen, kwa sababu ndiye Mdenmark anayejulikana zaidi hapa kwetu. Hapana. Huyo aliondoka Kenya 1931, kabla Wishbone hata haijafikiriwa. Nyumba yake serikali ya Denmark iliipa Kenya kama zawadi ya uhuru mwaka wa 1964 na sasa ni makumbusho. Nendeni mkaione, lakini si hiyo story.

Swali ni kwa nini hivi vitu havizeeki. Ukiuliza mtandaoni utaambiwa ni urahisi, ni "mistari safi", ni mbao ya joto. Sawa, lakini hata kabati la jikoni la chuo nilichoacha lilikuwa na mistari safi na hakuna mtu analilia.

Jibu langu mimi ni kwamba walipima.

Mwaka wa 1924 kulianzishwa shule ya samani kwenye akademia ya sanaa ya Copenhagen, na mwalimu wake alikuwa mtu anaitwa Kaare Klint. Klint alikuwa na wazimu wa rula. Alipima miili ya watu: goti liko juu kiasi gani ukikaa, mkono unafika wapi, mgongo unapinda wapi. Alipima pia vitu ambavyo watu wanaweka ndani ya nyumba, kwa sababu kabati ni la nguo, si la kabati. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Børge Mogensen, na huyo ndiye nataka mkumbuke. Baadaye Mogensen na mwenzake Grethe Meyer walichora makabati baada ya kuchunguza mtu wa kawaida ana mashati mangapi, ana sahani ngapi, uma ngapi, shuka ngapi zikikunjwa. Ndiyo, walihesabu mashati. Halafu ndipo wakaamua droo iwe na upana gani.

Sasa fikiria kitu kama hicho kikifanywa ploti yetu.

Mimi nilijaribu. Keja yangu ni futi kumi kwa kumi na mbili. Kitanda ni nne kwa sita, hicho tayari kimekula sehemu moja kwa tano ya sakafu hata sijaweka kitu kingine. Kuna mtungi wa gesi wa kilo 6. Kuna mitungi minne ya maji ya lita 20, kwa sababu maji huja siku yanapotaka. Kuna ndoo mbili, beseni, sufuria tano zinazoingiana na moja haiingii popote, jozi sita za viatu, wufa, begi la kamera, taa yangu ya kurekodi, na ile gunia la vitu ambalo kila mtu ako nalo na hakuna mtu anajua lina nini. Hiyo ndiyo orodha ya mashati ya Kiganjo. Niambie ni duka gani la samani limewahi kukuuliza mitungi yako ya maji inakaa wapi. Hakuna. Mitungi inakaa mlangoni, unaigonga kila usiku ukiamka, na umezoea.

Badala yake tunauziwa nini? Chesterfield ya watu saba.

Hii nimeiona kwa macho yangu. Jirani wa ghorofa ya pili, msee mpole, alipata kazi yake ya kwanza ya maana huko Ruiru. Mshahara wa pili akaenda kuagiza kochi la L, lipa mdogo mdogo, nyingine akajaza na mkopo wa simu. Kochi likaja na pikapu jioni. Halikupita kwa ngazi. Wakaligeuza, wakalisimamisha, wakang'oa mlango wa nyumba, mwishowe likaingia kupitia balkoni kwa kamba, ploti nzima tukiangalia kama ni mechi. Lilipoingia hapakubaki mahali pa kitanda. Kwa miezi minne alilala kwenye kochi na kitanda kikasimama ukutani. Alipoanza kuchelewesha renti aliliuza, na mwenye alinunua alitoa chini ya nusu ya bei, kwa sababu fremu ilikuwa imeanza kulia.

Sisemi hivyo kumcheka. Alikuwa anafanya kile kila mtu alimwambia mtu mzima anafanya. Na kusema ukweli hakuwa na chaguo kubwa, kwa sababu vitu vyote vya kuuza pale barabarani vimetengenezewa sebule ya nyumba ya vyumba vitatu ya Runda, halafu vimepunguzwa bei kwa kupunguza mbao. Nyumba ndogo hakuna mtu ameifikiria. Sisi ndio wengi na hakuna mtu ametupima.

Hapa ndipo Mogensen ananiua. Mwaka wa 1942 chama cha ushirika cha walaji cha Denmark, FDB, kile chenye kilikuwa na maduka ya kuuzia wanachama wake sukari na unga, kiliamua kianze kutengeneza samani. Kikamwajiri Mogensen, kijana wa miaka ishirini na nane hivi, aongoze ofisi ya kuchora. Kazi yake: viti, meza na vitanda vya familia za wafanyakazi wanaoishi vyumba viwili, ambavyo watu hao wanaweza kununua. Mwaka wa 1947 akatoa kiti kinachoitwa J39. Miguu minne iliyonyooka, mgongo wa ubao mmoja, mahali pa kukalia pa kamba. Hakina mbwembwe yoyote. Wakakiita kiti cha watu. Wegner naye alichorea FDB kiti cha kubembea mwaka wa 1944.

Na kabla hujaandika kwenye komenti "lakini hiyo ni Denmark, wako na pesa", angalia tena hiyo tarehe. 1942. Denmark ilikuwa imekaliwa na jeshi la Ujerumani tangu Aprili 1940. Vitu vilikuwa haba. Ile kamba ya karatasi ambayo leo tunaiona ni ya kishua ilishika kwa sababu wakati wa vita nyasi za kusukia kutoka nje zilikosekana. Ilikuwa ni kitu cha kujaribu kujikwamua. Ukiona Wishbone kwenye keja ya milionea leo, kumbuka hapo anapokalia ni karatasi ya wakati wa njaa.

Kwamba leo Wishbone moja halisi inaweza kumaliza renti ya mwaka mzima ya bedsita ya hapa, hiyo ni story chungu, na wapenzi wa hii staili hawaisemi vya kutosha. Vitu vilivyochorewa wafanyakazi vimekuwa vya watu wenye magari mawili. Hata J39 leo si ya mfanyakazi. Kwa hivyo msinielewe vibaya nikawa kama wale wanaoomba mtu wa kawaida anunue "original". Usinunue. Huna haja. Lakini pia usinunue feki, kwa sababu feki inakuuzia sura ya kitu ambacho sura haikuwa kazi yake ya kwanza.

Kuna komenti nyingine huja kila nikiposti viti: "Kwa nini unapenda vitu vya wazungu, Waafrika hatuna viti?" Swali zuri, hata kama huwa linaulizwa na mtu amekalia kiti cha plastiki kutoka China.

Wacha niwape hii. Mwaka wa 1933 yule Klint wa rula alitoa kiti kinaitwa Safari. Jina halikuja bure. Alikuwa ameona picha ya kiti kwenye kitabu cha safari cha Wamarekani wawili, mume na mke, Martin na Osa Johnson. Hao walizunguka sana huku kwetu wakipiga filamu za wanyama, na kati ya 1924 na 1927 waliishi Marsabit kando ya ziwa Paradise. Kiti chenyewe kilikuwa cha kijeshi cha Waingereza, kinaitwa Roorkhee kwa jina la mji wa Roorkee kule India. Hakina msumari wala gundi. Unakifungua, unakifunga kwa kitambaa, unakibeba. Na kwa sababu viungo vyake havijakazwa kabisa, ukikiweka mahali pa mabonde miguu yote minne inajitafutia chini. Klint alikiona, akakipima upya, akatengeneza chake. Kwa hivyo hiyo "Scandi" yako imepita India na kambi za safari kabla ifike Copenhagen, halafu imerudi Kenya kupitia simu yako.

Wegner alichukua viti vya China vya zamani, akatoa kiti chake cha China mwaka wa 1944, na Wishbone imetoka kwa ukoo huo huo. Ole Wanscher alichukua kigoda cha kukunja cha Misri ya kale. Mogensen ana kiti cha Kihispania cha 1958. Hawa jamaa walikopi dunia nzima! Tofauti ni kwamba kabla wakopi walikifungua kitu, wakauliza kinafanya kazi vipi, kisha wakakitengeneza kwa mbao walizonazo na kwa miili iliyo mbele yao.

Sasa njoo kwa kiti cha Ant cha Jacobsen, 1952, alichokichorea mkahawa wa wafanyakazi wa kampuni ya dawa ya Novo. Kilikuwa na miguu mitatu. Watu wa samani duniani wanakisifu hadi leo. Mimi nikakiangalia nikacheka, kwa sababu nyanyangu alikuwa na njung'wa jikoni, kile kigoda cha Kikuyu kilichochongwa kwa kipande kimoja cha mti, na kilikuwa na miguu mitatu. Uliza mtu wa hesabu: kitu cha miguu mitatu hakitetemeki hata sakafu ikiwa mbaya namna gani. Jiko la nyanyangu lilikuwa la udongo. Aliyechonga kile kigoda alikuwa amepima. Hakuwa na rula, lakini alijua sakafu iko vipi, alijua moto uko chini, na alijua mtu anayepika anakaa chini kiasi gani ili moshi umpite juu. Nenda Lamu uangalie kiti cha enzi, angalia zile kamba zilizosukwa mgongoni na mahali pa kukalia kwa mji wenye joto vile. Hiyo hewa inapita. Halafu urudi uniambie kwa nini Mombasa wanauziwa velveti.

Kwa hivyo ndiyo, tulikuwa na viti. Na walioviunda walikuwa wanafanya kile Klint alikuja kufundisha shuleni. Sisi ndio tuliacha kuuliza hilo swali, tukaanza kubeba picha.

Tukija kwa picha. Nenda Thika mjini kwa mafundi wa mbao, ama simama tu pale barabarani Kahawa Sukari au Githurai. Utawapata wasee wana mikono ya ajabu. Mtu anaweza kukata kiungo, mbao ikaingia ndani ya mbao ikakaa kimya bila msumari, huku anaongea nawe kuhusu Gor. Halafu anakuja mteja na simu: "Fundi, nataka kama hii." Picha haina vipimo. Imepigwa na lenzi pana kwenye chumba cha watu wa California. Fundi anakisia. Mteja anabishana bei hadi fundi anaona kiungo hakilipi, anapiga misumari na kuficha na kitambaa. Miezi sita baadaye kiti kinalegea na mteja anaandika X kwamba mafundi wa Kenya ni wezi. Na mbao zenyewe zilipanda. Serikali ilizuia ukataji miti kwenye misitu ya umma Februari 2018, na ilipofika Julai 2023 ndipo rais akatangaza marufuku imeondolewa, halafu mambo yakaenda kortini. Mimi napenda misitu, sibishani na hilo. Nasema tu kwamba fundi alipitia miaka hiyo yote na wewe bado ulitaka bei ya 2016.

Kitu kingine cha Denmark ambacho hakuna mtu anakopi: majina. Tangu 1927 hadi 1966 chama cha mafundi wa samani wa Copenhagen kilikuwa na maonyesho kila mwaka, mahali mchoraji na fundi walikuwa wanaunganishwa watoe kitu pamoja. Ndiyo maana ukisoma kuhusu kiti cha Finn Juhl cha 1949, kile Chieftain kikubwa, utaambiwa kilitengenezwa na Niels Vodder. Kile kiti cha Kennedy, kilichorwa na Wegner na kikatengenezwa na Johannes Hansen. Fundi anatajwa. Wegner mwenyewe alikuwa mtoto wa fundi viatu kutoka mji mdogo wa Tønder, na alianza kufundishwa useremala akiwa bado kijana mdogo, kabla ya shule yoyote ya kuchora. Sisi hapa fundi anaitwa "fundi wangu". Tumesevu namba zao hivyo: Fundi Kiti, Fundi Kitanda, Fundi 2.

Wa kwangu ningemtaja, lakini amenikataza. Amesema nikimweka mtandaoni watakuja watu wa picha kabla amalize oda za shule alizo nazo. Ni mzee wa miaka sitini na kitu. Nilienda kwake na picha ya J39, nikiwa nimejiandaa kumweleza historia yote hii nimewapa. Aliiangalia kidogo akanirudishia simu. "Kijana wangu, kaa hapa." Akanikalisha kwenye benchi, akatoa futi kamba, akapima kutoka chini hadi nyuma ya goti langu. Sentimita 43. Akauliza natumia kiti kwa kazi gani, kula ama kufanya kazi na kompyuta. Akauliza sakafu ni simiti ama ni tailes. Akauliza niko na meza ama nitaweka sahani mapajani. Dakika kumi za maswali, na hajawahi kusikia jina la Kaare Klint maisha yake yote.

Manze nilitoka hapo nikiwa nimechanganyikiwa. Huyu mtu yuko hapa, anajua hii kazi, na kitu anafanya kila wiki ni kukopi makochi kutoka kwa simu za watu kwa sababu hakuna mtu ameshawahi kumlipa kwa yale maswali.

Sasa nani atamlipa? Mimi peke yangu siwezi. Kiti kimoja kimoja ni ghali, hata Denmark kilikuwa ghali. Ndiyo maana FDB ilikuwa muhimu. Ushirika una wanachama maelfu, unaweza kusema: chora kiti kimoja kizuri, tutachukua mia tano. Fundi anaweza kununua mbao zikiwa mbichi na kuzikausha kwa muda unaofaa. Anaweza kuajiri vijana watatu. Bei inashuka bila kuiba kiungo.

Na hii ndiyo inaniudhi zaidi. Nchi gani inajua ushirika kuliko sisi? Kila mtu hapa ako na mzazi kwenye sacco. Kuna sacco za walimu, za wakulima wa kahawa na wa maziwa, za matatu, za bodaboda. Na mnajua nani alikuja kusaidia vyama vyetu vya ushirika? Kuanzia 1967 nchi za Nordiki, Denmark ikiwa mojawapo, zilikuwa na mradi mzima Kenya wa kufanya hiyo kazi. Wataalamu walikuja, wakafundisha mahesabu na uongozi. Kwa hivyo ule mfumo uliozaa kiti cha watu tulikuwa nao mkononi, umeelezwa na watu wa kule kule, tukautumia kwa kahawa, kwa maziwa, na baadaye kwa ploti na mikopo ya kununua Chesterfield. Sacco inakupa pesa ununue kochi baya. Haijawahi kujiuliza kama inaweza kukupa kochi zuri.

Najua mtasema sacco zetu zina wizi, kuna viongozi wamekula pesa za wazee. Kweli, zipo. Lakini sacco hizo hizo zinanunua matatu za mamilioni, zinagawa mashamba, na zingine zinajenga nyumba. Mbao 500 za viti haziwezi kuwa ngumu kuliko matatu ya viti 33 yenye dereva na kesi za polisi. Wengine watasema vijana hawataki vitu vya kukaa, wanahama kila mwaka. Hiyo ndiyo sababu hasa! Mtu anayehama kila mwaka anahitaji kitu kinafunguka, kinapita kwa ngazi, kinaingia kwa tuktuk. Kiti cha Roorkhee kiliundwa kwa ajili ya watu wa kuhama. Kochi la L halikuundwa kwa ajili ya mtu yeyote ninayemjua.

Kile mzee ananitengenezea sasa ni benchi, kwa sababu baada ya kuona orodha yangu alisema sihitaji kiti. Benchi ya mukima, mbao ya hapa hapa, juu sentimita 43, urefu futi nne, na chini imeachwa nafasi ya mitungi minne ya lita 20 ikiwa imesimama wima. Ilibidi tuongeze ubao mmoja nyuma ili isiyumbe. Juu panasukwa kwa kamba ya katani na mama mmoja wa sokoni anayesuka viondo, ambaye alicheka sana aliposikia kazi ni ya kukalia. Inafunguka vipande vitano kwa kabari, hakuna skrubu. Mbao ni 2,100, ufundi 2,500, kamba na kusuka 1,400. Jumla 6,000 kwa benchi moja. Nilimuuliza mzee zikiwa 200 itakuwa ngapi, akachukua penseli nyuma ya sikio, akaandika kwenye kipande cha mbao kwa muda mrefu, akasema 3,800 na kila kijana analipwa.

Sacco ya mamangu ina AGM mwezi wa tatu. Ana hicho kipande cha mbao kwenye mkoba. Amesema ataliuliza hilo swali chini ya A.O.B., chai ikiwa bado haijaletwa, ili watu wasitoroke.